Darubini ya .22: kabla hujanunua ile kubwa, tuzungumze umbali unaopigia

Mahindi_Masindi

Wakubwa, habari za jioni. Nina bunduki ndogo ya kipenyo cha .22 ya bolti, aina ya BRNO ya zamani iliyokuwa ya marehemu baba mdogo. Makaratasi nilihangaika nayo polisi hadi yakakamilika, leseni iko kwa jina langu. Kazi yake ni ndogo: Jumapili napiga makopo na karatasi za shabaha kwenye kichuguu kikubwa nyuma ya shamba, na mara mojamoja panya wanaotoka ghalani. Mita 25, mita 50, basi.

Shida ni macho. Nimefika miaka 48. Nikikiona vizuri kilengeo cha mbele, kopo linakuwa ukungu. Nikiliona kopo, kilengeo kinapotea. Kwa hiyo nataka darubini.

Kampala nimeonyeshwa mbili. Moja ni 6-24x50 (inakuza mara 6 hadi 24, lenzi ya mbele mm 50), ndefu kama mkono wangu, laki sita na nusu. Nyingine ni 4x32, fupi, haina mbwembwe yoyote, laki nne. Muuzaji anasisitiza ile kubwa. Naomba mawazo yenu kabla sijatoa pesa za mahindi.

Kijana_Bweyale

Ssebo, chukua kubwa. Mara 24 utamwona hata nzi aliyetua kwenye kopo. Hiyo ndogo utaijutia mwezi wa kwanza.

Mstaafu_Luweero

Ndugu Masindi, zishike hizo pesa kwanza. Kijana wa Bweyale nakuelewa, nami nilifikiri hivyo hivyo, na kosa hilo lilinila miezi mitatu na risasi nyingi. Ngoja nieleze polepole kwa sababu jambo hili halielezwi madukani.

Mimi kulenga nilifundishwa Kabamba, kwenye mafunzo ya jeshi, kwa vilengeo vya chuma. Miaka yote ya jeshi sikuwahi kuwa na darubini juu ya bunduki yangu. Nilipostaafu nikapata .22 kwa leseni, na kwa kuwa macho yalikuwa yameanza kuchoka kama yako, nikanunua darubini nzuri kabisa, kioo safi, 3-9x40. Nikaifunga. Mita 25, bunduki juu ya magunia ya mchanga, risasi tano. Matundu yakatawanyika eneo la kiganja cha mtoto. Nikalaumu risasi, nikabadilisha aina tatu. Nikalaumu mtutu, nikausafisha mpaka fimbo ya kusafishia ikapinda. Nikajilaumu mwenyewe, na kwa mtu aliyewahi kufundisha vijana kulenga, hilo liliniuma.

Siku moja niliacha bunduki imelala kwenye magunia, haina risasi, bolti iko wazi, nikainama kutazama bila kuigusa. Msalaba wa kulengea ulio ndani ya darubini ulikuwa katikati ya duara jeusi. Nikasogeza kichwa kidogo kulia. Msalaba ukatembea kwenye karatasi. Nikasogeza kushoto, ukarudi na kupita. Bunduki haijagusika! Nilikaa chini nikashika kichwa.

Hiyo inaitwa paralaksi. Ukipanda taksi ukakaa kiti cha mbele kando ya dereva, tazama mshale wa spidi. Wewe utasoma namba moja, dereva anasoma nyingine. Mshale ni mmoja, namba ni zile zile, ila mshale na namba haviko kwenye bapa moja, na wewe unatazama kwa pembeni. Ndani ya darubini ni hivyo hivyo. Lenzi ya mbele inachora picha ya shabaha ndani ya bomba. Picha hiyo ikiangukia pale pale ulipo msalaba, sogeza jicho utakavyo, msalaba hautoki mahali pake. Ikiangukia mbele au nyuma yake, msalaba utatembea kila jicho linapotembea.

Kiwanda huchagua umbali mmoja ambapo picha na msalaba vinakutana. Darubini za bunduki kubwa nyingi huwekwa yadi 100, nyingine yadi 150. Yadi 100 ni kama mita 91. Darubini zinazotengenezwa kwa ajili ya .22 huwekwa yadi 50 au 60, yaani mita 46 hadi 55. Yangu ilikuwa ya yadi 100, na mimi nilikuwa napiga mita 25.

Fanya hesabu uone. Chukua nusu ya upana wa lenzi ya mbele, zidisha kwa tofauti ya umbali wako na umbali wa kiwanda, gawanya kwa umbali wa kiwanda. Lenzi ya mm 40, kiwanda mita 91, shabaha mita 25: 20 mara 66 gawanya 91, unapata mm 14 na kitu. Kichwa kikikaa ukingoni kabisa upande mmoja, risasi inakwenda mm 14 huko; kikihamia ukingo wa pili, mm 14 upande huu. Ndio ule upana wa karibu sentimita 3 niliokuwa naulilia, hata kabla ya kosa la mkono wangu kuongezwa. Mita 50 bado ni mm 9 kila upande. Kwenye mashindano ya Olimpiki ya mita 50, ambako wanatumia risasi hii hii ya .22, duara la kumi lina upana wa mm 10.4. Kwa hiyo paralaksi peke yake inaweza kukutoa kwenye kumi, mkono wako ukiwa umetulia kama jiwe.

Sasa rudi kwenye ile 6-24x50. Lenzi yake ni mm 50, kwa hiyo kama ni ya kudumu kwenye yadi 100, kosa linakua zaidi, si kupungua. Kama ina nobu ya kurekebisha paralaksi ubavuni au pete mbele, angalia namba ya chini kabisa. Baadhi za aina hiyo hazishuki chini ya yadi 50 au hata 100, na wewe unapiga mita 25. Tena kwa mara 6, ambayo ndiyo ndogo yake, panya akikimbia mita 15 utamtafuta kwenye kioo mpaka afike kwake.

Kabla ya kutoa hata shilingi, muulize muuzaji swali moja: paralaksi yake imewekwa umbali gani? Akikujibu habari za mara 24, ondoka.

Dada_Mbarara

Afande asante, umeeleza vizuri kuliko mtu yeyote aliyewahi kunieleza. Mimi napiga shabaha za karatasi tu, na niongeze mambo mawili.

La kwanza ni mwanga. Gawanya upana wa lenzi kwa ukuzaji, unapata upana wa mwanga unaotoka nyuma kuja jichoni. 4x32 inakupa mm 8. 3-9x40 ukiiweka mara 9 inakupa mm 4.4. Ile ya 50 kwenye mara 24 inakupa mm 2 tu. Mboni ya mtu gizani hufunguka hadi mm 7 hivi, na kwetu hapa karibu na ikweta jioni haikawii, jua likishazama giza huingia haraka. Kwa mm 2 utaona giza wakati jirani yako mwenye 4x32 bado anahesabu matundu. Tena hiyo njia nyembamba ya mwanga inakulazimisha kutafuta mahali pa jicho kama unachungulia tundu la kufuli.

La pili, BRNO ya kaka yetu ina mifereji miwili juu ya chuma, aina ya mm 11. Vibano vya reli pana vya bunduki kubwa havikai pale. Watu wananunua darubini ya maana, halafu vibano vibovu vya bure vilivyokuja kwenye boksi. Nilipata shida hiyo: kila risasi ishirini, matundu yanahama. Kumbe kibano cha nyuma kilikuwa kinateleza taratibu. Nunua vibano vizuri vya mm 11, hakikisha kipenyo cha bomba, kwa kuwa kuna bomba la inchi moja, yaani mm 25.4, na kuna la mm 30. Haviingiliani.

Kijana_Bweyale

Nimesoma mara mbili. Sikujua kabisa hayo ya paralaksi. Lakini niulize: nikitaka kupiga mita 100? Na mbona wengine wanafunga darubini za bunduki za upepo kwenye .22?

Mstaafu_Luweero

Kijana wangu, hayo ni maswali mazuri, nitaanza na la bunduki ya upepo kwa sababu ni fupi. Bunduki ya upepo ya springi inapiga teke mara mbili, nyuma halafu mbele, na hilo la mbele ndilo linaloua darubini za kawaida. Kwa hiyo darubini iliyotengenezwa kuvumilia springi itavumilia .22 bila shida, maana teke la .22 ni dogo mno. Na nyingi zina pete ya paralaksi inayoshuka hadi mita 10 au chini. Kwa mtu anayepiga karibu, si chaguo baya hata kidogo. Kinyume chake usifanye: usichukue darubini nyepesi ya .22 ukaifunga kwenye bunduki ya springi.

Mita 100 ni habari nyingine. Risasi ya .22 ya kawaida ina gramu 2.6 na inatoka mtutuni kwa mita 320 hadi 380 kwa sekunde. Ukirekebisha darubini ili risasi ipige penye msalaba mita 50, ikifika mita 100 itakuwa imeanguka takribani sentimita 16 hadi 22 chini ya msalaba, kulingana na aina. Hapo darubini yenye alama chini ya msalaba inasaidia, au unapandisha kwa nobu. Lakini alama zilizochorwa kiwandani zimepigiwa hesabu ya risasi moja maalumu, mara nyingi ile ya kasi. Ukiweka ya polepole, alama hazikubaliani na karatasi. Piga mwenyewe, andika kwenye daftari.

Upepo nao ni mwalimu mkali. Watu wengi hushangaa nikiwaambia kuwa .22 ya kasi inasukumwa na upepo zaidi ya ile ya polepole. Ya kasi inatoka juu ya kasi ya sauti, kama mita 340 kwa sekunde, na inapoteza mwendo haraka sana ikiishukia. Upepo unapata nafasi yake kwenye huo mwendo unaopotea. Ndiyo maana wapiga shabaha hununua risasi za polepole. Hakuna darubini itakayokurekebishia hilo.

Kijana_Bweyale

Asante afande. Swali la mwisho: huku kwetu nyani wanamaliza mahindi. Darubini nzuri na .22, mita 80, si inatosha?

Mstaafu_Luweero

Hapana. Na hapa nitasema kwa ukali kidogo kwa sababu nakujali.

Najua uchungu wa shamba. Nimeona mama analia kwenye ekari moja iliyobaki mabua matupu. Ni kweli nyani, tumbili na nguruwe pori wamewekwa kwenye kundi la wanyama waharibifu, lakini hilo halimpi kila mwenye bunduki ruhusa ya kuwapiga. Mnyamapori yuko chini ya serikali, na Sheria ya Wanyamapori ya 2019 haina mchezo. Kwa spishi zilizo hatarini inafika hadi kifungo cha maisha. Njia ni kwenda wilayani kwa ofisa wa wanyama waharibifu, au UWA, mamlaka ya wanyamapori. Peleka picha, peleka mwenyekiti wa kijiji (LC1), rudi tena wakikuchelewesha.

Halafu kuna mnyama mwenyewe. Gramu 2.6 kwenye mwili wa nyani dume au nguruwe pori ni jeraha, si kifo. Atakwenda kufia porini baada ya siku tatu, au atageuka akiwa na hasira na kumkuta mtoto anayetoka kuteka maji. Darubini inakuonyesha mnyama karibu, lakini haiongezi hata chembe ya nguvu kwenye risasi. Darubini hudanganya watu hapo.

Na jambo jingine. Kupitia kioo unaona duara dogo tu. Huoni njia iliyo kando wala nyumba iliyo nyuma. Risasi ya .22 ikikosa inaweza kusafiri zaidi ya kilomita moja na nusu. Kwa hiyo nyuma ya shabaha lazima kuwe na udongo, kama hicho kichuguu cha ndugu Masindi. Na usitumie kamwe darubini ya bunduki kutazamia watu au ng'ombe wa jirani. Popote kioo kinapotazama, mtutu unatazama. Kama unataka kutazama mbali, nunua darubini ya macho mawili uivae shingoni.

Lenzi_Wandegeya

Mimi kazi yangu ni kusafisha lenzi, za kamera na darubini. Niwaambie kinachoziua hapa Uganda: kuvu. Unyevu ukikaa ndani, unaona kama nyuzi za buibui kwenye kioo, zinakula ule utando wa rangi. Kwa hiyo tafuta iliyojazwa naitrojeni au agoni na kufungwa isiingie maji. Usijaribu kufungua lenzi ya mbele ili kuvuta paralaksi ije karibu kama wanavyofundisha kwenye video. Ukishafungua, gesi imetoka, na masika ya kwanza utaniletea.

Usiihifadhi ndani ya mfuko wa ngozi uliofungwa. Weka kabatini penye hewa na vipakiti vya silika vya kunyonya unyevu. Vumbi jekundu la murram ni mchanga mtupu: pulizia kwanza kwa pampu ya mpira, kisha brashi laini, ndipo kitambaa. Anayefuta kwa shati analipiga kioo msasa.

Na jihadharini na nakala zisizo na jina. Niliwahi kuletewa moja iliyoandikwa maneno makubwa nje, ndani msalaba wenyewe ulikuwa umelegea. Duka sitalitaja.

Mahindi_Masindi

Banange, nimejifunza mengi kuliko nilivyotarajia. Nimerudi Kampala leo. Nimeuliza lile swali la paralaksi. Ile ya mara 24, muuzaji hakujua. Tukasoma kwenye pete, namba ya chini ni 100. Ile 4x32 haikuwa na maandishi. Duka la pili wana 2-7x32 iliyoandikwa kabisa ni ya rimfaya, yadi 50, kwa laki nane. Niongeze pesa?

Dada_Mbarara

Ongeza kaka. Vortex na Leupold wote hutengeneza za namna hiyo, Vortex kwa yadi 50, Leupold kwa yadi 60, na wengine wapo. Mara 2 kwa panya, mara 7 kwa karatasi. Lakini kabla ya kulipa, ilaze juu ya meza dukani kwenye kitu kisichotikisika, itazame bango la mita 50 hivi ng'ambo ya barabara, usogeze kichwa. Msalaba usitembee.

Mstaafu_Luweero

Naunga mkono. Na neno rimfaya kwa wasiolijua: ni risasi ambazo baruti ya kuwashia iko ukingoni mwa kitako cha ganda, si katikati. Ndiyo .22 yetu.

Ukishainunua, fanya hivi. Toa bolti, laza bunduki kwenye magunia, tazama karatasi kupitia ndani ya mtutu, kisha bila kugusa bunduki zungusha nobu mpaka msalaba ufike pale pale. Hapo utakuwa karibu. Anza mita 25, halafu 50. Piga tano kabla ya kugusa nobu; usikimbize tundu moja moja. Nobu nyingi za robo ya dakika (dakika hapa ni kipimo cha pembe, si cha saa) husogeza mm 3.6 kwa kliki mita 50, kwa hiyo ukiwa chini sentimita 3.6, ni kliki 10.

Skrubu za vibano kaza kwa kupokezana, kidogo kidogo, kama Nm 2 (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza) tu. Bomba ni alumini, likibanwa sana linabonyea. Darubini isogeze mbele au nyuma mpaka uone picha nzima shingo ikiwa imetulia, kwa kawaida jicho liko sentimita 9 hadi 10 kutoka kwenye kioo.

Na kwa zile mita 25 zako, kwa kuwa kiwanda ni yadi 50, kosa dogo linabaki. Dawa yake: rudisha kichwa nyuma kidogo mpaka pete nyeusi itokee kuzunguka picha, hakikisha unene wake ni sawa pande zote, ndipo ufyatue. Pete ikiwa sawa, jicho liko katikati, na paralaksi haina pa kushika.

Mahindi_Masindi

Ripoti, wakubwa. Nimeinunua. Vibano vya mm 11 vimekaa bila kutikisika. Asubuhi ya leo, kabla ya upepo kuamka, mita 50, risasi za polepole. Kundi la kwanza lilikuwa chini kushoto. Nikahesabu kliki kama afande alivyosema, 12 juu, 6 kulia. Kundi la pili, matundu matano yamefunikwa na sarafu ya shilingi mia tano.

Kisha nikampa mke wangu atazame bila kugusa, nikamwambia asogeze kichwa. Akasema msalaba haujatoka kwenye tundu.

Mstaafu_Luweero

Weka hiyo karatasi, andika nyuma yake tarehe, aina ya risasi na umbali. Jumapili ijayo anza kwa kupiga moja tu, bunduki ikiwa baridi, uone inaangukia wapi.